Kufika Mlangoni na Pumzi

Tak Man-sik aliijua barabara ya Incheon kwenda Seoul bila kuitazama. Kwa miaka kumi na tisa alikaa nyuma ya gari la wagonjwa, akiminya mpira wa kuwapumulia watu waliokwisha kukatiwa tamaa katika hospitali ya bandarini. Mimi niliendesha. Kazi yetu haikuwa kuponya mtu. Ilikuwa kumfikisha kwake akiwa bado na pumzi, maana kwetu aliyefia njiani haingizwi ndani. Anawekewa hema uani kama mgeni asiyetakiwa, hata kama nyumba aliijenga mwenyewe.

Malori ya bandari hayakuwa na mazoea ya kutupisha. Wengi walikata roho njiani, na Tak aliendelea kuminya. Aliingia nao mlangoni kifua kikipanda na kushuka, akawalaza chumbani, ndipo akauondoa mpira. "Amepumzika," aliwaambia wafiwa. "Amewahi nyumbani." Uongo mtupu, wala siuonei haya.

Mwaka wa 1978, mipichi ikichanua, mkewe Ok-bun alizidiwa na ugonjwa wa ini. Tak akaninyang'anya ufunguo.

"Leo naendesha mimi. Wewe kaa na shemeji yako."

"Kaka, mimi mpira sijauzoea."

"Minya tu. Na usinyamaze, nikusikie."

Nikaongea. Nilimwambia shemeji kimchi yake ina chumvi hadi paka wa jirani ameisusa, na Tak akacheka huko mbele. Tulipofika Sosa, kwenye mashamba ya mipichi, lori la makaa lilikuwa limeziba njia. Hapo Ok-bun akaniponyoka. Nilijua kwa vidole. Nikaendelea kuminya na kuongea upuuzi wangu huku machozi yakinidondoka.

Nyumbani tulimlaza chumbani, mbele ya binti zake wawili. Nikauondoa mpira.

"Amepumzika. Amewahi nyumbani."

Tak alinitazama mikono. Kisha akawageukia mabinti. "Mmesikia. Mama yenu amefia kwake."

Baadaye, nikiwa naosha gari, alikuja akasimama karibu yangu.

"Wapi?"

Mtu mwingine yeyote ningemdanganya.

"Sosa, kaka."

Alirudi kazini baada ya siku saba, kwenye kiti chake cha nyuma. Tangu hapo, kila tulipokaribia Sosa aligonga kioo nipunguze mwendo, hata akiwa na mtu anayepigania pumzi mikononi mwake. Nami nilipunguza.