Mchaguzi Aliyetazama Sahani

Biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa watu binafsi, kampuni moja mpya ya Mbinga ilitaka timu ya mpira wa pete. Ikamtuma Beata Komba, mwalimu wa michezo mwenye maneno makali, kwenda Mbamba Bay kuchagua chipukizi kwenye mashindano ya wasichana wa Tanzania, Malawi na Msumbiji. Beata hakuuamini uwanja. Uwanjani kila mtu anajua anatazamwa, kwa hiyo yeye alichagulia kwenye chakula. Anayejipendelea kwenye sahani, alisema, hata mpira hautoi.

Mchana ukaletwa ugali na samaki mmoja mkubwa, mbasa, kwa timu nzima ya mkoa. Msichana mrefu wa Liuli aitwaye Asteria akamvuta samaki mzima upande wake. Beata hakungoja zaidi. "Huyo hapana," akasema, akainuka.

Alasiri Asteria aligawa pasi mpaka Wamalawi wakachoka kumwandama. Kila bao lilipitia mikononi mwake, yeye hakufunga hata moja. Beata akamwita kwa hasira, kana kwamba ametapeliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mchana mbona ulimvuta samaki peke yako?"

"Wenzangu wengi ni wa milimani, mama. Miiba inawakwama. Nilikuwa nawachambulia."

Beata alikuwa mzaliwa wa milimani, naye alikuwa amemkwepa mbasa maisha yake yote kwa sababu hiyohiyo. Chakula cha jioni kilipoletwa, mbasa tena, alikwenda kukaa karibu na Asteria, akanawa, akaweka mikono mapajani, akangoja.