Samaki wa Anko na Ubora wa Video

Simu ya mama inaweza kupiga video ya 4K, jambo ambalo mama mwenyewe halijui, kwa sababu yeye huitumia kupiga picha za viatu vya watu kanisani. Jumamosi hiyo aliniachia, nikaenda nayo mtaani Kawangware 46 kwa kaka yake, Anko, nikiwa bado na sweta ya shule maana nilitoka tuition moja kwa moja. Nilimkuta Anko amenyoa ndevu. Nikamuuliza kama ninayekuja kumpiga video ni yeye au samaki.

Kwetu Magharibi mtoto wa dada huitwa mwiwa, na mwiwa ana ruhusa ya kumtania mjomba wake anavyotaka. Akimtembelea mashambani anaweza hata kukamata kuku na kuondoka naye, na mjomba atacheka tu. Anko hana kuku. Ana samaki wanane, wawili wa rangi ya chungwa na sita wadogo wenye mikia kama leso, ndani ya tangi alilojitengenezea kwa mabaki ya vioo vya madirisha, akaliweka juu ya matofali sakafuni. Mama wa mlango wa pili, ambaye hukaanga samaki jioni, huwaangalia kwa masikitiko. Anasema hao hata mafuta ya kuwakaangia ni hasara.

Anko ni fundi wa vioo. Amepanda ngazi miaka mingi, na sasa goti lake limekataa ngazi. Ndiyo maana mwalimu mmoja wa chekechea, jirani yetu huku Kianda tunakoishi, aliposema anatafuta kitu cha kuwatuliza watoto darasani, mama alimtajia Anko na tangi lake. Mwalimu alitaka video kabla ya jioni, ndipo aagize lake. Asipoipenda, ananunua televisheni. Tangi moja likitoka, mengine yangefuata, na Anko angekuwa anafanya kazi ameketi. Hayo hakuniambia, niliyasoma kwenye kidevu kilichonyolewa.

Nilianza na ubora wa 1080, fremu sitini kwa sekunde, kwa sababu sitini ni nyingi kuliko thelathini, na hesabu yangu inafika hapo. Taa ya chumba ikachora mistari myeusi inayopanda na kushuka kwenye picha. Nikarudi thelathini. Mistari ikapungua, lakini mikia ya samaki ikawa ukungu. Tukazima taa, tukafungua mlango. Mwanga ukaja mzuri, na pamoja nao zikaja ndani ya kioo nguo za wapangaji wa plot nzima zilizoanikwa, na mimi mwenyewe na sweta yangu, naogelea katikati ya samaki. Anko akatoa koti lake jeusi la kanisani, akalitundika kwenye kamba nyuma ya simu, nami nikajibanza nyuma ya koti nikapitisha mkono kati ya vifungo. Vivuli vya kwenye kioo vikaisha. Nilimwambia leo hilo koti limefanya kazi ya Mungu kuliko Jumapili zake zote.

Hapo ndipo nikachagua 4K. Dakika moja tu, na simu ikaanza kulalamika kwamba nafasi inaisha. Nikapiga na nyingine ya 720, nyepesi, ya kutuma haraka.

Tukazitazama zote mbili. Ile ya 720 ilikuwa tamu, maji yametulia, mishono ya silikoni, ile gundi ya vioo, imenyooka. Kwenye 4K Anko hakuangalia samaki. Aliipanua picha kwa vidole viwili akafuata mshono, pole pole, toka juu kwenda chini. Kioo chochote yeye hukipima hivyo: anakiinamisha juani na kupitisha ukucha wa kidole gumba. Tangi lililojaa maji huwezi kuliinamisha. Kwenye kona ya chini kushoto akasimama. Ndani ya silikoni kulikuwa na punje za hewa, zimepangana kama shanga, kutoka ndani hadi karibu na nje.

"Hapa sikukandamiza vizuri," akasema.

Tangi hilo lina miaka miwili na halijawahi kudondosha tone. Nikamwambia tutume ile ndogo. "Kwa 720 hata mimi sina chunusi, Anko."

Hakucheka. "Kwenye hiyo ndogo hewa inaonekana?"

"Haionekani."

"Basi tuma kubwa. Watoto wa chekechea huegemea kila kitu."

Akarekodi na ujumbe wa sauti, akimwomba mwalimu aangalie ile kona, na kumweleza kwamba lake halitakuwa hivyo. Nilimwambia amejichimbia shimo mwenyewe, ila kwa maneno ambayo ni mwiwa tu anaweza kuyasema akabaki na meno.

Video ilichukua muda wa chai nzima kufika. Jibu likaja kwamba samaki ni warembo, lakini kona haioni, anaona ukungu. Ule mtandao tuliotumia kuituma ulikuwa umeibana 4K yetu hadi ikawa kama ile ya 720 tu. Nikamwangalia Anko. Alikuwa ameshasema ukweli; kama haukuonekana, kosa si lake. Nilimwambia hivyo.

Yeye akasema, "Sogea karibu."

Nikaacha simu kwenye 720, nikalala kwa tumbo kwenye saruji, simu ikiwa shubiri moja kutoka kwenye kioo. Zile punje ungeweza kuzihesabu. Samaki mmoja wa chungwa akaja kupeleleza, akajaza skrini kwa midomo. Nikatuma hivyo hivyo.

Anko alipanguza meza ambayo ilikuwa safi. Akaipanguza tena. Sauti ya mwalimu ilipoingia akaniambia niifungue, yeye hataki kushika simu.

"Nimeiona, fundi. Hilo lako lirekebishe kwanza, unionyeshe likiwa limekauka. Jumatatu uje upime nafasi ya langu. Na hiyo midomo, ni ya samaki ama ni ya huyo mwiwa wako?"

Anko akacheka hadi akashika meza. Akaingiza mpira wa maji ndani ya tangi, akavuta maji kwa mdomo, akayaelekeza kwenye ndoo. Samaki tukawahamishia kwenye beseni pamoja na maji yao. Kisha akaketi sakafuni na wembe, akaanza kuukata mshono kutoka chini, bila haraka, akiniambia nilishike beseni lisitikisike.