Baba Watatu wa Boma Moja

Kwetu mama mzazi huitwa baba. Sitanii. Kwa Ekegusii, lugha yetu Wakisii, baba ni mama, na baba mwenyewe ni tata. Mswahili wa pwani akitusikia tukimwita mwanamke aliyejifunga leso "baba", hudhani tumelewa. Mimi namwita mama yangu baba mpaka leo, na ndevu zangu zimeanza kuota mvi. Lilikuwa jambo la kuchekesha hadi mke wangu alipofariki.

Alianza kwa kuumwa kichwa akitoka sokoni, akalala, na kabla masika hayajaisha tukawa tumemzika. Tulimzika nyumbani kama ilivyo desturi, ubavuni mwa nyumba, kati ya migomba na safu ya kwanza ya chai. Shamba letu karibu na Itumbe ni jembamba kama mkanda. Ukifungua dirisha la jikoni, huna pengine pa kutazama ila pale.

Binti yetu alikuwa ameanza chekechea huko Masimba mwaka huohuo. Mwalimu wao, mgeni kutoka mbali, alitundika bango lenye picha ya mwanamke na mwanamume, akauliza nani ni baba. Darasa zima likanyoosha kidole kwa mwanamke. Maskini mwalimu akadhani wanamfanyia mzaha, akawarudisha mmoja mmoja kwenye picha mpaka wakakariri: huyu mwenye tai ndiye baba. Binti yangu alituletea habari hiyo nyumbani kama mtu aliyeibiwa. Mama yake, wakati huo bado mzima, alicheka hadi akaketi chini. "Basi mimi nimefutwa kazi," akasema.

Sasa neno hilo lilikuwa limebaki uani, na halikuwa na mwenyewe.

Dada yangu ameolewa Wundanyi, kule kwenye milima ya Taita. Baada ya mazishi alinipigia simu karibu kila Jumapili. "Mlete huyo mtoto huku, ndugu yangu. Huku pia ni milimani, baridi ipo, ndizi zipo, hutajiona umepotea. Na maseremala wanatafutwa." Aisifuye mvua imemnyea; dada ameishi huko miaka mingi na hana tabia ya kupamba maneno. Mimi ni seremala, na milango hutengenezwa popote palipo na nyumba. Kazi haikuwa kisingizio cha kukataa.

Wengine walikuwa na maoni, bila shaka. Baba yangu mdogo, ambaye hajawahi kulala nje ya Kisii ila alipolazwa hospitalini, alisema, "Unatoka mlimani uende mlimani? Hata mbuzi akihama hutafuta mahali tofauti. Tena mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe si hata hapa liko?" Mzee mmoja wa kanisa alikuja Sabato alasiri, akanywa chai yangu, akaniambia mtoto anahitaji mama, na kwamba yuko mjane mmoja mcha Mungu upande wa Nyamira. Kaburi lilikuwa bado bichi. Nilitamani kummwagia hiyo chai mapajani. Nikamwongezea sukari.

Lililokuwa likinisumbua sikumwambia mtu. Siku moja nilikuwa nikipiga randa ubao uani, mama yangu akichambua mboga za managu kando yangu. Tukasikia sauti kutoka ubavuni mwa nyumba: "Baba!" Mama akainuka, kwa kuwa maisha yake yote neno hilo limekuwa lake. Mimi nikaweka randa chini, kwa kuwa shule ilikuwa imesema ni langu. Nikamtangulia. Binti yangu alikuwa amesimama mbele ya kaburi, mikono mgongoni.

"Nimekuja," nikamwambia.

"Si wewe," akasema. Hakukasirika. Alinisahihisha tu, kama mwalimu wake.

Tangu hapo sikujua niitike lini. Nikiitika, nilijiona mwizi. Nikinyamaza, mtoto alibaki akiita udongo, na mimi nasikia, na mama yangu anasikia, sote tumeinama tukijifanya tuna kazi. Jina moja, watu watatu, na mmoja wetu hawezi kuitika. Sijawahi kuchukia neno kama nilivyolichukia lile.

Wundanyi neno hilo lina maana moja tu. Huko watoto wote humwita baba mtu mwenye ndevu. Nilijua tukihamia huko, neno lingekuwa langu bila ubishi, na mtoto angeacha kuita kaburi. Nilitamani hilo. Na nilijichukia kwa kulitamani, kwa sababu mke wangu alikuwa hajaachiwa kitu kingine hapa duniani. Nguo zake zilishagawanywa. Simu yake anayo mdogo wake. Kilichobaki ni kuitwa na mtoto wake, na mimi ndiye ningemnyang'anya. Basi nikamwambia dada angoje mvua ipungue kwanza.

"Mvua ya Kisii?" akasema dada. "Sema tu hutaki."

Nilikuwa nimeamua kubaki. Nasema hili waziwazi, maana watu hudhani nilisitasita tu. Nilikuwa nimeamua: tutakaa hapa, mtoto aendelee kumwita mama yake kwa jina lake.

Kisha ikanyesha mvua ya mawe iliyochana majani ya chai yote. Ilipokatika nilikuwa nikikagua hasara nikasikia, "Baba!" Sikwenda. Nilikuwa nimejifunza. Akaita tena, na tena, sasa kwa hasira. Mama yangu alikuwa mlangoni. "Mwache aite," akaniambia polepole. Lakini hasira ile haikuwa ya kilio, nikaenda.

Alikuwa amepanda juu ya kaburi lenyewe, mguu mmoja hauna kiatu, ameshikilia mgomba asianguke. Buti lake lilikuwa limenasa kwenye tope la lile tuta.

"Baba, nakuita huji!"

Nikatazama udongo, nikamtazama yeye. "Unamwita nani?"

"Wewe. Buti limenasa."

Nililichomoa buti, nikampangusa mguu, nikamvisha. Nilikuwa nimekataa kuhama ili neno lisihame. Lilikuwa limeshahama lenyewe, tukiwa papa hapa, na wala sikujua ni siku gani. Akakimbilia jikoni kutafuta ndizi. Nililia pale kwenye migomba kuliko nilivyolia siku ya mazishi.

Sikuwa tena na cha kulinda, ila lile dirisha la jikoni linalotazama kaburi. Jioni ile nilimwambia mama kwamba tunakwenda. Aliendelea kuchambua mboga.

"Nenda," akasema. "Kaburi nitalipalilia mimi." Baadaye kidogo akaongeza, "Ila huko ukinipigia simu, usiniite baba mbele za watu. Watadhani nina ndevu."

Nilijaribu kucheka. Alikuwa amezeeka, na mimi ndiye mwanawe wa pekee aliyebaki Kisii.

Asubuhi ya kuondoka, bodaboda ilitungoja langoni ikiwa na mabegi yetu. Mama hakufika langoni. Alisimama ubavuni mwa nyumba, mkono mmoja kwenye mgomba, mahali anapoweza kutuona mpaka tupinde kona. Nilimpakia mtoto, nikapanda nyuma yake, na pikipiki ilipoanza kushuka nikageuka nikapaza sauti kama nilivyofanya tangu nijue kusema.

"Baba! Baki salama!"

Binti yangu aligeuza shingo akanitazama kwa mshangao.

"Baba ni wewe," akanisahihisha.

Nyuma yetu walibaki wawili wenye jina hilo, na mmoja tu aliinua mkono.