Msimu Tulipomwita Marwa Arudi Kerende

Nakumbuka jioni moja, mwanangu, mvua za vuli zikiwa zimekaribia, tulipokaa kwenye nyasi za uwanja wa shule hapa Kerende tukisubiri wanaume warudi kutoka mkutanoni Tarime. Uwanja wenyewe ni huu huu mnaouchezea leo, ila magoli yalikuwa ya miti, na ng'ombe walipita katikati bila kumwomba mtu ruhusa. Nilikuwa msichana mkubwa, sijaolewa bado, na mpira wa magongo niliupenda kuliko chakula. Usicheke. Mzee huyu unayemwona akijikongoja alikuwa shabiki.

Mchezo huo tuliletewa na Mwalimu Wambura, ambaye alijifunzia jeshini. Alipofika hapa akakuta vijana wachungaji, fimbo haiwatoki mkononi tangu utotoni, akasema kazi imeshafanyika nusu. Akawaonyesha namna ya kuchonga gongo lililopinda mwishoni, na namna ya kuusukuma mpira bila kuvunjana miguu. Haikupita miaka mingi kila kijiji kikubwa kikawa na timu yake, kuanzia huku kwetu hadi Mugumu kule Serengeti.

Lakini timu ya Tarime mjini ilikuwa haifungiki, na sababu tuliijua sote. Bwana Salimu, mfanyabiashara mwenye mashine za kusaga pale mjini, aliipenda timu yake, na kijana yeyote wa kijijini aliyelijua gongo alimpa kazi mashineni. Asubuhi anasaga, jioni anafanya mazoezi. Simlaumu, mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Ila sisi tulibaki na wachezaji wa kuokoteza, na kila msimu tulikwenda mjini tukijua tumekwenda kufungwa. Kilichotuuma zaidi ni kwamba aliyetufunga alikuwa wa kwetu, kaka yangu Marwa, tumbo moja na mimi.

Alikuwa mrefu, mpole, maneno machache. Gongo likiwa mkononi mwake, mpira ulimfuata kama ndama anavyomfuata mama yake. Na akitufunga hakushangilia. Alirudi katikati ya uwanja ameinamisha kichwa, kama mtu aliyetumwa kazi asiyoipenda.

Jioni hiyo wanaume walirudi wakiimba. Viongozi wa timu zote walikuwa wamekubaliana kwamba msimu unaokuja kila mchezaji achezee kijiji alikozaliwa. Mzee mmoja akatoa litungu lake, akazipiga nyuzi hadi giza likaingia, na sisi wasichana tukacheza. Tulisema sasa mashindano yatakuwa ya haki, timu itashinda kwa jasho lake na si kwa mfuko wa tajiri. Na ni kweli, mwanangu, makubaliano yale yalikuwa mazuri. Hata leo sisemi yalikuwa mabaya.

Ikabaki Marwa mwenyewe kukubali, maana mwenye kazi mjini hakulazimishwa kuhama. Kila Jumapili alipokuja nyumbani, mashabiki walimngojea barabarani wakamsindikiza kwa nyimbo mpaka mlangoni. Nami nilikuwa kati ya waimbaji, sauti yangu haikuwa ndogo. Bwana Salimu, kwa upande wake, hakugombana naye. Alimwambia tu kwamba kazi ile ni ya mchezaji wa timu yake. Akiondoka, atawekwa mwingine. Wakati huo mke wa Marwa, Robi, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza.

Siku moja Marwa alinikuta nasafisha vibuyu vya maziwa, akakaa juu ya jiwe karibu nami. Akasema:

"Bhoke, watu wakikuimbia namna ile, unawaambiaje kwamba mkeo na mtoto wanategemea mashine ya Bwana Salimu?"

Nilimjibu kwamba kijiji hakiwezi kumwita mtoto wake halafu kikamwacha alale njaa. Nilisema hivyo kwa imani yote, maana ndivyo nilivyolelewa kuamini. Akatikisa kichwa, akanisaidia kuanika vibuyu, akaondoka. Mwezi haukwisha akawa amerudi Kerende na godoro lake na mkewe na mtoto.

Tukampokea kama bwana harusi. Na baada ya mapokezi, kila mtu akaenda kwake kula.

Shamba la baba lilikuwa limeshagawanywa kwa kaka wakubwa, na sehemu ya Marwa ilikuwa ule mteremko wa mawe ambao hata mbuzi anaupita haraka. Hakuwa na ng'ombe wa kulimia. Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tulimwona uwanjani tu, na uwanjani alikuwa anang'aa. Bibi yetu Ghati, mama mzaa baba, ndiye peke yake aliyekuwa akinituma kwa Robi na unga kidogo, na kila mara aliniambia niende bila kuimba njiani.

Basi Marwa akaanza kwenda Nyangoto, kwenye mashimo ya dhahabu. Siku zile wachimbaji walikuwa ni watu wa kamba na sururu tu, wanashuka ardhini kama panya buku. Asubuhi shimoni, jioni mazoezini, macho mekundu kwa vumbi la mawe. Mwalimu Wambura alimwambia siku moja apumzike, aache hata mazoezi. Marwa akajibu kwamba atapumzika baada ya mechi ya ufunguzi.

Ilikuwa wiki ya ufunguzi wenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo na ardhi ilikuwa imeshiba maji. Wenye busara walikaa nyumbani siku ile, lakini wenye busara hao walikuwa na akiba ghalani. Marwa alishuka na wenzake, na ukuta wa shimo ukawaangukia. Wenzake walitolewa wakiwa hai. Yeye alikuwa chini kabisa. Walimtoa alasiri, wakamfunika kwa shati la mtu, wakamleta nyumbani juu ya mlango uliong'olewa. Sitakusimulia zaidi ya hapo, mwanangu. Kuna mambo mdomo unayakataa hata ukizeeka.

Tulimzika. Watu walikuwa wengi, wakiwemo wachezaji wa timu ya Tarime, wakiongozwa na nahodha wao Idrisa, aliyekuwa akisaga na Marwa mashine moja. Watu walipoanza kutawanyika, viongozi wa mashabiki wetu walisimama karibu na zizi wakizungumza. Walikuwa wanashauriana kuomba mechi iahirishwe mpaka apatikane mchezaji wa kujaza nafasi, maana bila hivyo, walisema, mashindano hayatakuwa ya haki.

Bibi Ghati alikuwa amekaa chini juu ya ngozi ya ng'ombe, karibu yao. Tulidhani hasikii vizuri. Akainua kichwa akawaita.

"Mura, vijana wangu, ni haki gani hiyo mnayoitafuta nyumbani kwangu?"

Mwenyekiti wao akasogea, akainama, akamwamkia shikamoo kwa heshima, akamweleza kwamba wanataka timu zilingane.

Bibi hakupandisha sauti. Akasema, "Kutaka mizani ilingane si kosa. Lakini mlichokiweka kwenye mizani kilikuwa mtu. Mlimtoa mahali alipokuwa anakula, mkamleta mahali mlipokuwa mnaimba. Nani kati yenu aliwahi kuuliza kwa Robi wamepika nini?"

Nilikuwa nimemshika Robi begani, nikaona haya hata ya kulia.

Mechi haikuahirishwa. Siku ya ufunguzi Kerende iliingia uwanjani na watu kumi badala ya kumi na mmoja, kwa kuwa hakuna kijana aliyekubali kuvaa jezi ya Marwa. Timu ya mjini nayo ikaingia, kamili. Idrisa akatutazama, akazungumza na mwamuzi, kisha akavua jezi yake ya unahodha, akampa mwenzake, akaja kukaa kwenye nyasi upande wetu. Bwana Salimu alisimama kama mtu anayetaka kusema neno. Akakaa tena.

Nilimwuliza Idrisa kwa nini. Akanijibu bila kunitazama, "Marwa alikuwa wenu, na alikuwa wetu pia. Na sisi tumepungukiwa."

Walicheza kumi kwa kumi, na tulifungwa bao moja. Hakuna aliyenung'unika. Ilikuwa mechi ya kwanza ya haki niliyowahi kuiona, na yule tuliyemwita aje aicheze hakuwepo.

Baadaye mashabiki walikuja na majembe ya kukokotwa na ng'ombe, wakalima ule mteremko, wakatoa mawe kwa mikono. Robi aliwashukuru vizuri. Lakini mvua zilipokwisha alimbeba mtoto akarudi kwa wazazi wake, na sikumlaumu.

Sasa mwanangu, nakusikia wewe na wenzako mnavyohesabu siku msimu mpya uanze. Mmenionyesha kwenye simu kwamba kanuni zimebadilishwa, timu kubwa hazitanyang'anya tena wachezaji, na yule kijana wetu anayechezea Mugumu atarudishwa nyumbani. Nimefurahi. Mchezo usio na haki ni uonevu uliovalishwa jezi, na ni vema mnaukataa.

Ila nisikilize. Kabla hamjamwimbia mtu arudi, nendeni mumwone mkewe. Ulizeni anakaa wapi, analima wapi, atavuna nini. Kama mna ng'ombe, mlimieni kwanza, nyimbo zifuate. Na siku mkiona wapinzani wenu wamepungukiwa, msishangilie upungufu wao, maana anayefurahia pengo la mwenzake hajashinda kitu. Haki ya uwanjani hudumu mpaka filimbi ya mwisho. Mwanadamu ana maisha marefu baada ya hapo, na hayo ndiyo mnayopaswa kuyatunza.

Nenda, mwanangu, ukashangilie. Mungu akupe sauti nzuri na moyo unaoona. Akulinde uendapo na urudipo, na kila mtu unayemwita kwa jina lake afike kwao salama, akute moto unawaka na watu wa kula naye.