Saa ya Maji ya Jana

Nina tovuti moja ndogo, na naipenda kupita kiasi. Inaonyesha saa ambazo boti zitaondoka Nyamisati kwenda Mbwera, Salale na Kiongoroni, maana huku safari hupangwa na maji kujaa, na kila siku saa inasogea mbele. Tatizo, asubuhi watu wote huifungua kwa mpigo, na seva yangu ilikuwa ikipiga hesabu upya kwa kila anayeuliza. Ukurasa ulizunguka mpaka mtu anaamua kumpigia nahodha.

"Kwani wageni hamsini unawapikia sufuria hamsini?" mama alinicheka. Niliudhika, kwa sababu alikuwa sahihi.

Wiki ya harusi ya mdogo wangu nikaikalia. Nilipunguza idadi ya kazi ambazo seva inazibeba kwa wakati mmoja, ikaacha kuelemewa. Kisha nikaiagiza ikishapata jibu ilitunze, iwagawie watu hilohilo kwa saa ishirini na nne. Basi ukurasa ukawa unafunguka kufumba na kufumbua! Nilizunguka nyumba nzima nikionyesha simu, hata kwa wasiouliza.

Asubuhi ya harusi sisi, watu wa bwana harusi, tulikuwa bado Kibiti, na bibi harusi anatusubiri Mbwera. Maji yalikuwa mafu: yangejaa kidogo, kwa muda mfupi, na tukiyakosa hakuna ndoa siku hiyo. Shangazi, aliyeongoza msafara, akachungulia tovuti yangu.

"Saa tatu! Jamani, boti saa tatu!"

Watu walikuwa bado wanapiga pasi. Tukasukumana kwenye magari, nusu ya wanawake wakijifunga vilemba njiani.

Tulifika Nyamisati saa nne kasoro robo. Nilijua tumeshaachwa. Boti ilikuwa palepale, nahodha anakunywa chai.

"Leo mmewahi," akasema. "Maji saa nne."

Nikafungua ukurasa. Tarehe ilikuwa ya jana. Jibu lililohifadhiwa jana mchana ndilo lililokuwa bado linagawiwa, na abiria wengine waliowahi bure walikuwa wamenuna. Nikakiri kwa shangazi kwa aibu, nikamwambia naisahihisha sasa hivi, jibu liwe linafutwa kila siku mpya inapoanza.

Shangazi akamtazama mdogo wangu akipanda botini, kanzu yake kavu, haikugusa tope, anacheka.

"Tangu nizaliwe sijaona harusi yetu ikiwahi maji," akasema. "Mwanangu, usiguse kitu mpaka na dada yako aolewe."