Moto wa Karafuu na Ngozi ya Mtoto

Safari yangu ilianzia kwenye pilau. Hamadi, mume wa Rahma, alinipigia simu Dar es Salaam akaniambia mkewe haligusi tena, na upepo ukileta harufu ya karafuu hufunga madirisha yote. "Mama mdogo, huu msimu. Pemba nzima yanuka karafuu. Nimpeleke wapi?"

Rahma ni mtoto wa marehemu dada yangu, na mimba yake ilikuwa imeshakua. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati, ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu, akafanya vidonda na hakuishi. Majirani wakasema ni moto wa karafuu: mama alizichambua msimu mzima naye ana mimba, joto likamuunguza mtoto tumboni. Rahma akaliamini neno hilo, na sasa alimwogopea huyu wa pili. Mimi kazi yangu maabara ni ngozi ya mtoto ambaye hajazaliwa. Nisipokwenda mimi, aende nani?

Bandarini Mkoani niliposhuka kwenye boti, harufu ilinipokea kabla ya watu. Njia nzima hadi Chake Chake karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, nyingine mbichi bado, nyingine zimeshageuka hudhurungi. Moyo uliniuma. Mimi na dada tulikuwa tukichambua pamoja, yeye vidole vyepesi, mimi mvivu, na kila akiona sitazamwi hunisogezea fungu lake lililokwisha chambuliwa ili nisigombezwe. Miaka yote hii sijapata mtu wa kunisogezea fungu.

Madungu, palepale Chake Chake, nilinunua halua, kwa kuwa Mpemba haendi kwa mja mzito mikono mitupu, nikapanda gari ya Ole, kijijini kwetu.

Ole nilimkuta Bi Mize, jirani yetu wa tangu utoto wangu, kakaa uani na jamvi lake la karafuu. Nikamwamkia, akaniitikia, kisha akanitazama juu hadi chini.

"Hivyo ni kweli wewe kazi yako kusoma ngozi? Ngozi yasomwa?"

"Yasomwa, Bi Mize."

"Haya, msomee huyo mwenzio aliyejifungia. Mimi nilisema neno moja tu la karafuu, msibani kwa mtoto wake, likawa msumari."

Rahma alikuwa chumba cha nyuma, dirisha limefungwa, jasho linamtoka. Alilia aliponiona, nami nikalia, maana alikuwa na uso wa dada mtupu. Tulipotulia akaniuliza bila kuzunguka: "Mama mdogo, nilimuunguza?"

"Hukumuunguza. Karafuu ya jamvini haimfikii mtoto. Bibi yako alizichambua na mimba ya mama yako, akazichambua na yangu."

"Mbona ngozi yake ilikuwa vile?"

Nikamwambia ninachokijua. Aliyezaliwa mapema huja na ngozi ambayo haijakomaa. Kwa nini alitangulia, hilo silijui, na sitamdanganya. Lakini ndani ya ngozi ya mtoto mna seli za kinga, walinzi, na hao hufika mapema mno, ngozi ingali utando tu, hata uboho wa mifupa haujaanza kutengeneza damu. Tena hawakai bure wakingoja maradhi. Husaidia kujenga mishipa midogo ya damu na mashina ya nywele. Nikamwonesha kovu la gotini mwangu, nilipoanguka mkarafuuni. "Mtoto angali mdogo tumboni akichanika ngozi, jeraha hufunga bila kovu kama hili, na walinzi hao wana mkono wao humo."

Akaligusa kovu langu kwa kidole. "Kwa hiyo wangu hakuwa peke yake mule ndani?"

"Hakuwa peke yake."

"Umejuaje? Mmewaona wapi?"

Swali hilo nililiogopa tangu bandarini. Nikamwambia tunaviangalia vipande vya ngozi vya watoto ambao mimba zao ziliharibika, na mama zao ndio walioridhia. Nilidhani atanifukuza. Rahma alishika tumbo lake, akafungua dirisha.

"Wenzangu hao," akasema. "Ukiwaangalia watoto wao, mama mdogo, uwaombee dua. Wao na mama zao."

Alasiri alitoka uani. Bi Mize alisogea jamvini akampa nafasi. Rahma akakaa, akashika kikonyo cha kwanza cha karafuu, akakiacha, akakishika tena. Mimi nikakaa upande wa pili, mvivu vilevile, na baada ya muda nikaona mkono wa Rahma unanisogezea fungu. Jioni ile alikula pilau, kidogo, Hamadi akijifanya hatazami.

Nilirudi Dar es Salaam na nguo zinazonuka karafuu, nikachelewa makusudi kuzifua. Kazini nilikuwa nimezoea kuweka kioo chenye kipande cha ngozi chini ya hadubini na kuanza moja kwa moja kuwatafuta walinzi, vidoa vidogo vilivyotiwa rangi. Kwa miaka mingi sikuwahi kujiuliza zaidi ya hapo. Asubuhi ya kurudi kazini nilikishika kioo nikasita. Nikasema bismillahi, nikamwombea mtoto yule nisiyemjua jina, nikamwombea na mama yake, ambaye huenda naye yupo mahali amefunga dirisha. Ndipo nikainama nikatazama.