Mrushaji wa Akiba

Kocha alinigundua kwa mkate.

Nilikuwa na miezi mitatu Riyadh, nikifanya kazi katika tanuri la mkate pale Batha, kwenye kichochoro ambacho gari la kusambaza haliwezi kuingia bila kukwaruza ukuta. Gari husimama ng'ambo ya njia, na mimi nilikuwa nikisimama mlangoni kumrushia dereva mifuko ya mikate juu ya vichwa vya wapita njia. Si kujisifu, lakini sikuwahi kumgonga mtu. Bosi alinikataza mara mbili, akaona kazi inaisha mapema, akanyamaza.

Siku moja mteja Mkenya, mtu mzima mwenye kofia ya michezo, alisimama akanitazama hadi mfuko wa mwisho. Kisha akainua mikono miwili kule ng'ambo aliko. "Nirushie na mimi!" Nikamrushia. Akaudaka kwa mkono mmoja, akacheka mpaka nikacheka.

"Umewahi kushika mpira wa umbo la yai?"

"Wa nini?"

"Njoo Ijumaa utauona."

Ndivyo nilivyoingia. Kazini kocha alikuwa msimamizi wa walinzi, na mchezo wenyewe aliujifunza miaka ya nyuma akilinda geti la makazi ya wageni. Ni ule mpira wa Kimarekani, ila wa watu wasio na bima: watano kwa watano, hakuna kuangushana. Kila mchezaji huvaa mshipi wenye vitambaa viwili kiunoni, na ukinyofolewa kitambaa huku una mpira, umekamatwa. Anayeamua mpira uende wapi ni mrushaji. Wenzake wanne wanaweza kukimbia kama swala, lakini yeye akikosea wote wamekosea.

Nilikitaka kiti hicho tangu Ijumaa ya kwanza. Mimi niliishia darasa la nane kule Voi, na hakuna mahali nilipowahi kuulizwa jambo watu wanne wakanisubiri nijibu.

Kiti kilikuwa na mwenyewe. Mrushaji wetu mkuu alikuwa dereva wa lori kutoka Kisumu, mtu wa maneno machache na mikono mirefu. Kocha akaniweka chini siku ileile. "Mdogo wangu, mkono unao. Kichwa bado. Utakaa pembeni yangu mwaka mmoja, uangalie. Sikufichi, utaumia. Lakini sitakutupa uwanjani kabla hujawa tayari. Hilo nakuahidi."

Nami nikakaa. Niliandika kila mchezo kwenye karatasi za kufungia mkate: nani alikimbia wapi, mrushaji alitazama upande gani kwanza. Nilibeba maji, nilifua mishipi. Jioni baada ya kazi, mwenzangu wa chumba kule Shumaisi, kijana wa Bungoma aliyekuwa mdakaji wetu hodari, alikuwa akinidakia juu ya paa katikati ya matangi ya maji. Yeye alilala kitanda cha juu, mimi cha chini. Hatukuwa na siri, hata za wasichana tuliowaacha nyumbani.

Ilipofika miezi kumi, wachezaji wakaanza kelele. "Kocha, mpe dogo mpira." "Kocha, unamfuga wa nini, ni mbuzi wa Idi?" Yeye akawajibu kwa lugha ya kazini kwangu. "Mkate ukiutoa mapema, juu umeiva, ndani ni unga. Muulizeni mwenyewe." Wakanigeukia, na mimi nikasema kweli, ni unga. Nilimtetea! Nilimwamini kuliko nilivyojiamini.

Kisha ikaja safari ya Jeddah, mechi ya kirafiki na timu ya huko. Kocha alinifuata tanurini, akasimama ng'ambo, akadaka mkate wake, halafu akasema kana kwamba anaagiza chai, "Jeddah unaanza wewe. Ukiwaweza wale, kiti ni chako."

"Na mwaka wangu haujaisha?"

"Umeiva."

Nilichoma trei nzima asubuhi ile na sikujali. Nilimpigia mama. Aliuliza kama wanavunjana miguu, nikamwambia hapana, wanavuana vitambaa tu. Akasema huo si mpira, ni ngoma ya harusi.

Jambo moja nilipaswa kulishika. Jumatano kabla ya safari kulikuwa na mazoezi, na kocha akaniambia nisije. "Pumzisha mkono." Nikaona ananijali. Mwenzangu wa chumba alirudi jioni ile, akala, akapanda kitandani akageukia ukuta. Nilimuuliza mazoezi yalikuwaje. "Kawaida tu," akasema.

Ili ueleweke msiba wangu, nikueleze tulivyokuwa tukicheza. Timu nyingine hukusanyika kunong'ona kabla ya kila mpira. Sisi hatukuwa na haja. Riyadh tulicheza na Wafilipino, Wahindi, Wamarekani, Wasudani. Mrushaji alisimama tu akapaza sauti kwa Kiswahili: "Wewe mrefu kulia! Wewe kata ndani! Wewe nipe fupi!" Wapinzani wakibaki wanatazamana, mpira umeshafika. Hiyo ndiyo ilikuwa silaha yetu, na ndiyo niliyojaza kwenye karatasi zangu zote.

Tulitoka Batha kwa basi alfajiri, tukafika Jeddah jua likizama, tukalala Sharafiya kwenye chumba juu ya duka la simu. Hewa ya kule ni nzito, shati linakushika kama mtoto. Kesho yake alasiri nikaingia uwanjani nimevaa mshipi mpya. Wapinzani walikuwa wamepanga mstari kimya, wamevaa kofia na miwani ya jua. Nikapaza sauti kama nilivyojifunza.

"Mrefu kushoto! Kata ndani! Nipe fupi kulia!"

Mpira ukatoka vizuri mkononi. Lakini kule kulia tayari alikuwa amesimama mtu wao. Akaudaka kama vile nilimtumia yeye, akakimbia hadi mwisho.

Bahati, nikajiambia. Nikarudia. Wa pili ukanyakuliwa vilevile. Safari hii aliyeunyakua, mwanamume mwembamba mwenye ndevu, alinipitia karibu akasema kwa Kiunguja laini kabisa, "Ahsante mwanangu. Wa kushoto utautuma lini? Twakungojea."

Wote walikuwa Waswahili. Wazanzibari watatu, mtu wa Tanga, na kijana wa Mombasa.

Nilijaribu Sheng. Yule wa Mombasa akacheka, "Hata hiyo tunamanya, bro, twaijua yote!" Nilijaribu Kitaita cha kwetu Voi, na wenzangu wanne wakanitazama kama nimepagawa. Niliwaita tunong'one, lakini hatukuwahi kufanya hivyo, kila mmoja akaondoka na lake. Pembeni ya uwanja watoto wa mashabiki wakaanza kutangulia kutaja nitakakorusha. Wa tatu ukanyakuliwa. Nilitazama kwa kocha. Alikuwa amekunja mikono, hana wasiwasi wowote usoni. Hilo ndilo nililolikumbuka baadaye.

Akapiga makofi. "Halas, imetosha. Toka."

Dereva wa lori akaingia. Hakufungua kinywa. Alishika sikio, akagusa goti, akaonyesha vidole viwili mgongoni. Na wenzangu wanne wakatawanyika bila kukosea, kama maji yanayojua mfereji wake. Mpira wa kwanza ukafika kwa mwenzangu wa chumba, akaupeleka hadi mwisho. Wa pili pia. Wazanzibari wakaacha kucheka.

Mimi nilikuwa nimesimama na chupa ya maji mkononi. Sikio, goti, vidole. Ishara hizo sikuwahi kuziona maishani. Zilifundishwa Jumatano.

Tulishinda. Watu walikumbatiana. Kocha akaniwekea mkono begani, kwa upole hasa, wala hakunikejeli. "Sasa umeona kwa nini nilikwambia usubiri?"

"Ulijua wanaelewa Kiswahili."

"Nilijua."

"Na ishara hukunipa."

"Ningekupa ungefaulu kidogo, na hawa wangesema tayari ameiva. Nilitaka waone, na wewe uone. Sasa kelele zimeisha, utajifunza kwa utulivu. Nimekuokoa, mdogo wangu. Mwaka kesho utanishukuru."

Alikuwa anaamini kila neno. Angekuwa mwongo wa kawaida ningempigia kelele, lakini yeye alinitazama kama mtu aliyenipeleka hospitali.

Kwenye basi nilikaa na mwenzangu wa chumba, maana viti vilikuwa na namba. Jangwa lilipoanza kupita dirishani nikamuuliza.

"Mbona hukuniambia?"

"Kocha alisema ni siri ya timu."

"Mimi si timu?"

Akachezea zipu ya begi lake. "Alisema tukikwambia tutakuharibu. Nilifikiri... yeye ndiye anajua, bro."

"Ulilala juu yangu usiku mzima wa Jumatano."

Baadaye alinipa nusu ya sambusa yake, na njaa ikanishinda nikala, na hilo pia liliniuma.

Nimeulizwa tangu wakati ule: bora kumsubirisha chipukizi au kumwingiza mara moja? Mimi ningekaa mwaka wa pili bila kununa. Ningeweza pia kuingia siku ya kwanza nikashindwa mbele ya watu wote, kwa uwezo wangu mwenyewe. Mkate husubiri, mkate pia huchomwa. Lakini hakuna mwokaji anayeutoa tanurini makusudi ungali unga ili aonyeshe wateja kwamba hakuwa amekosea.

Bado ninarusha. Kuna Wafilipino wanacheza karibu na uwanja wetu wa zamani, wameniambia nije, nami usiku naota narusha mpira unaopita juu ya Riyadh nzima. Moyo wangu ni mpumbavu, haukai chini muda mrefu.

Alhamisi iliyofuata safari ya Jeddah kocha alikuja kununua mkate. Alisimama ng'ambo ya njia mahali pake, akatabasamu, akainua mikono miwili.

Niliushika mfuko. Ulikuwa wa moto. Njia ilikuwa wazi, hakuna hata mpita njia, na mkono wangu ulijua umbali ule kuliko unavyoujua mdomo wangu. Nikashuka ngazi, nikatazama kulia na kushoto, nikavuka, nikamkabidhi mkononi.

"Karibu tena," nikamwambia, kama mteja yeyote.

Mkono wake mmoja ulikuwa bado uko juu.